Udi Mbele ya Kabati

Kabati la kwanza lilishuka kwenye lori la Nairobi
jeupe kama jino la maziwa.
Gathogo, muuzaji, alilifuta kwa leso yake mwenyewe,
akatukabidhi cheti chenye mhuri wa dhahabu:
"Limepimwa."

Nikauliza: limepimwa wapi?
Mlango wa chumba ulikuwa wazi au umefungwa?
Nani alisimama mbele yake, mikono ndani?
Au lilipimwa likiwa tupu, peke yake,
kama mtoto anayesifiwa na mama yake?

Mhasibu Chelagat akatazama saa.
Bei ilikuwa nzuri.
Bei ilikuwa nzuri mno.

Hapa ni Nakuru, mabwana.
Mwezi wa Julai upepo hushuka Menengai bila hodi,
hupindua karatasi, huleta vumbi hadi ndani ya chai.
Na sisi tunachemsha maua ya pareto katika heksani
tujue yana nguvu kiasi gani za kuua mdudu.
Mvuke wake hauonekani. Hauna adabu.
Hautasoma cheti.

Kuna Okumbe, miaka ishirini na sita maabarani.
Kabati la zamani lilikuwa na feni ya kunguruma;
kelele zake tulizidhania kazi.
Lugha yetu husema harufu husikiwa.
Basi Okumbe ni kiziwi wa pua.
Omena wakiungua jikoni, mkewe ndiye hukimbia.
Mjukuu alizaliwa Desemba: akamwinamia utosini,
akainuka, akasema "ananukia vizuri,"
kwa sababu ndivyo watu husema.

Nikatoa kijiti cha udi mfukoni,
nilikinunua dukani kwa Shamsa, Bondeni.
Gathogo akacheka: "Leo tunafukiza majini?"
Nikamwomba asimame pale, kioo kimeinuliwa hadi kifuani,
kama asimamavyo mtu wa kazi.
Nikamtuma Wafubwa apite nyuma yake,
mwendo wa kawaida,
mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua chupa.

Moshi uliingia kidogo. Ukasita.
Ukageuka kama aliyesahau kitu nyumbani,
ukatoka, ukapanda tai ya Gathogo
mpaka puani.

Akapiga chafya.
Chelagat akaweka kalamu chini.

La pili lilikuja Septemba, rangi ya uji,
sura ya friji ya hoteli iliyofilisika.
Aliyelileta, Nasipwondi, hakuwa na maneno mengi.
Alikuja na mtungi wa gesi
na sanamu ya mtu isiyo na miguu,
akaivika koti langu,
akaitia kipimo pale puani.
Akafungua mlango. Akaufunga.
Akatupitisha nyuma yake mmoja mmoja, kama maarusi.
Kisha akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa:
LIMESHINDWA.

Sijawahi kumpenda mfanyabiashara kwa neno moja hivyo.

Kosa lilikuwa feni yetu ya darini,
ilikuwa ikiuvuruga upepo kabla haujafika kinywani mwa kabati.
Tukaing'oa. Dirisha la upande wa mlima tukaliziba.
Bomba likapandishwa juu zaidi ya paa,
mbali na jikoni anakopikia Mama Rotich.
Siku tatu. Chelagat alinuna siku zote tatu.
Sanamu ikarudi, ikavuta pumzi zake za bandia,
na sindano ya kipimo ikalala kwenye sifuri.
Atarudi mwakani, Nasipwondi alisema,
kwa maana mikanda hulegea, na watu pia.

Jioni, kabla hatujafunga, nikawasha udi uliobaki.
Okumbe akasogea.
"Niambie," akasema, "unanukiaje? Nimesahau."

Moshi ulikuwa ukienda ndani, wote,
kama uzi unaotafuta tundu la sindano na kulipata.
Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.
Nikasikiliza.

"Okumbe," nikamwambia,
"hata mimi sisikii kitu."