Tu-ku

Bwana Raatikainen aliniambia niiweke filimbi chini.
"Leo hatupigi. Leo tunasema ku."
Ku peke yake, bila tu kuitangulia,
shina la ulimi likigonga kaakaa laini
kama mtu anayebisha mlango wa uani.

Ku. Ku. Ku.
Hewa ikatoka imelegea,
pumzi ya mbwa aliyelala.
"Ncha ya ulimi wako ina kiburi," alisema,
"na mgongo wake ni mvivu. Wiki tatu, ku tupu."

Nikaenda nayo kazini. Karakana ya tramu, Tampere,
saa kumi na moja alfajiri, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nakwangua barafu kwenye milango ya behewa la kumi na nne,
ku ku ku ndani ya skafu,
hata Pirkko akaniuliza kama nimeanza kufuga kuku.

Sikumweleza. Sijawahi kumweleza mtu
kwamba herufi iliyonishinda tangu utotoni ni T,
na jina langu ni Tellervo.
Shuleni, mwalimu akiita majina,
nilisimama nikagonga t- t- t- t-
wenzangu wakihesabu kwa vidole chini ya dawati.
Siku moja walifika kumi na tisa.
Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, wasema waliojikwaa dole.
Mimi nilijikwaa kizingitini
mwa jina langu mwenyewe.

Na sasa nalipa yuro arobaini kwa saa
nifundishwe kuigonga T haraka zaidi.

Wiki ya nne tu ikarudi, ikaikuta ku imeshaamka.
Tu-ku. Tu-ku. Noti moja, sol,
kipima mapigo kwenye sitini, kisha sabini;
kwenye themanini na nane vidole na ulimi vikaachana
bila kuagana.
Nikaanza tena sitini.

Si muujiza. Jana tu, mkahawani,
niliagiza chai, ambayo kwetu nayo huanza na T,
na kijana wa kaunta, kwa huruma,
akanimalizia neno.
Nikamwacha amalize. Nilikuwa nasikiliza
kilichokuwa kikitokea nyuma ya meno:
t- t- t-
na kutoka ndani kabisa, bila kuitwa,
ku.