Kozi Moja

Linta ile niliimimina mimi.
Chuno, nyumba ya wageni ya Bi Somoe Likapa,
miaka ile ya gesi, kila mwenye kiwanja Mtwara
alipokuwa anaota ghorofa.
Nilimwambia: mama, tuongeze kozi moja mlangoni,
tofali chache tu, magari ya siku hizi yana shingo.
Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.
Fundi, akasema, mimi nalaza watu, silazi twiga.
Nikamimina.

Zikapita Korola, zikapita bajaji,
ikapita Noa ya mchungaji bila kuguna.
Nikasahau.

Hadi Desemba hii, usiku,
Nandonde anashuka kutoka Tandahimba
na Landkruza aliyoipandisha mwenyewe:
springi za kuongeza, matairi ya kufika kifuani,
keria juu, na bomba la kupumulia
limesimama kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu.
Ndani, magunia kumi ya korosho.
Ya chama au ya kangomba, sikuuliza.
Wingu lilishakaa juu ya uwanja wa ndege,
na korosho ikilowa si korosho tena,
ni kesi.

Bakili mlinzi akapima kwa mpini wa fagio.
Njoo. Njoo. Kata kulia. Njoo.
Kidogo. Kidogo cha mwisho.
Likapita.
Kati ya keria na zege
ilibaki nafasi ya kupitisha vocha.

Mvua ikapiga mpaka alfajiri.
Asubuhi wapagazi wakashusha,
na kwa kila gunia gari likapumua,
likainuka,
kama mtu aliyemaliza deni
anavyonyoosha mgongo mbele ya duka lile lile.
Gunia la kumi likaondoka na Fuso.
Nandonde akatia rivasi.
Zege likajibu: ka!

Nikaitwa. Nikaja na futi yangu.
Inchi mbili na nusu.
Vunja, akasema Nandonde.
Vunja gari lako, akasema Bi Somoe.
Tukatoa upepo, tairi moja moja,
mpaka yote manne yakakunja midomo.
Bado inchi.
Mimi nikasema, maana linta ni yangu
na sikutaka nyundo iiguse:
lirudishieni mzigo.
Mzigo upi? Umeshafika ghalani.
Basi watu.

Wakapanda wapagazi wanne.
Akapanda Bakili na fagio lake.
Walimu wawili wa chumba namba sita,
waliokuja kusahihisha mitihani,
mmoja na mswaki mdomoni.
Muuza supu ya pweza, na sufuria;
alikataa kuliacha chini na watu wa mtaa ule.
Mtoto mmoja akarudishwa: mwepesi.
Nikachungulia juu.
Bado unene wa kidole.

Hapo kila mtu akamtazama Bi Somoe,
na hakuna aliyesema neno,
na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutazama pembeni.
Akavua kandambili.
Akafunga kanga mara ya pili, akakaza.
Akapanda kwa kusukumwa, kwa heshima zote,
akakaa katikati yao
kama biarusi asiyemtaka mtu.
Springi zikalia.
Rudi, akasema.

Likarudi. Pole kama maiti anayebebwa na ndugu.
Na wote mle ndani walikuwa wameinamisha vichwa,
walimu, wapagazi, sufuria limekumbatiwa,
ingawa zege lilikuwa juu ya bati, si juu yao.
Hata mimi, niliyesimama nje uwanjani,
chini ya mbingu nzima,
niliinama.

Likatoka juani.
Wakashuka wakicheka, wakidaiana mguu uliokanyagwa.
Bi Somoe akabaki chini ya linta,
anautazama ule mkwaruzo mweupe.
Fundi. Kozi moja siku hizi ni shilingi ngapi?
Nikaanza kuhesabu kwa vidole.
Nandonde alikuwa ameketi juu ya jiwe, anangoja;
mtu alikuwa ametumwa Ligula kwa baiskeli,
kuazima pampu.