Subana

Niliitunga ndani ya tramu namba kumi na mbili,
magoti yakibana mfuko wa viazi,
Łódź ikipita dirishani na viwanda vyake vya matofali mekundu
ambavyo zamani vilisokota uzi wa nusu ya dunia
na sasa vinauza kahawa.
Niliandika kwa penseli:
Subana ya mshonaji. Fedha nyeusi. Uzito: dengu tano.
Bei: hakuna aliyewahi kuiuza mara mbili.
Huponya kila jeraha, hata la joka.
Na ukingoni, kwa herufi za kuchongwa, laana yake:

    Nivae mwako chandani,
    nizibe jeraha ndani;
    uzi natoa kichwani,
    jina kwa kila mshono.

Nikacheka peke yangu. Mama mmoja akahama kiti.

Ulikuwa mtego wa Bogumił, msinihukumu.
Kila Alhamisi, mwaka wa sita huu, jikoni kwa Jagna,
huyu fundi umeme na shujaa wake Radomił
huokota kila king'aacho:
pete, mafuvu, vijiko vya wafalme.
"Mkono wako una njaa," Tymek humwambia,
"siku moja utaokota jino la shetani."
Nilitaka aliokote. Nilitaka aone cha mtema kuni.

Akaiokota.
Kwanza akamshona Jagna tumbo,
dadu likigonga sahani ya matango ya siki.
"Futa jina moja," nikamwambia.
Akafuta la farasi. Tukacheka.
Akamshona Tymek koo, akafuta kijiji alikozaliwa.
Akamshona mbwa wa mtu asiyemjua
(nani alimwomba?)
akamfuta mwalimu wake wa upanga.

Saa nne usiku karatasi yake ilikuwa mistari mitupu,
kama reli zinapokaribia stesheni.
Yalibaki majina mawili: la Radomił na la mama yake Radomił.
Na Jagna anavuja damu tena,
maana joka nililolitunga halina huruma wala saa.

Wangeweza kukimbia. Kanuni zinaruhusu.
Bogumił akaishika penseli
kama ashikavyo waya asioujua kama una moto.
Hapo ndipo nilipokumbuka, nikaungua masikio:
Bi Genowefa, chumba cha nane, nyumba ya wazee nyuma ya hospitali,
ambaye tangu Pasaka humwita mwanawe Zdzisław,
kaka yake aliyefia mgodini,
na humuuliza kama farasi wamekula.
Bogumił alitusimulia hapa hapa, akimenya yai.
Nilijua. Nilijua na nikasahau,
bila subana yoyote kidoleni.

Akafuta la Radomił.
Polepole, herufi kwa herufi,
hata kile kijimstari kinachoikata ł kiunoni.
"Mama abaki," alisema.
"Mimi nimezoea kuitikia jina lolote."

Kisha akaniuliza, macho kwenye matango:
"Huyu anayesahau. Kitabu chako kinasema anaumia?"

Nikapekua daftari. Uzito, upo. Bei. Madini.
Namna ya kuivua: haipo, nilikuwa najifanya mkatili.
Hilo la maumivu sikuliandika popote.
Jagna akainuka kuzima birika,
na yeye ndiye aliyekuwa anakufa.

Nikarusha dadu nyuma ya ubao wangu wa kadibodi, wasipoona.
Likazunguka, likaegemea kikombe, likatulia.
Sikulitazama.
"Haumii," nikasema. "Anahisi baridi kidogo kidoleni.
Na akishikwa mkono, hata hiyo huisha."

Tymek akapiga chafya. Hakuna aliyemwombea afya.

Bogumił akavaa koti.
Akayakusanya matango yaliyobaki,
akayafunga kwa gazeti, mara mbili, yasichuruzike.
"Zdzisław aliyapenda sana," alisema,
akashuka ngazi bila kuwasha taa.