Kucheua

Bombo, saa tisa usiku.
Wodi ya watoto njiti ina joto la jikoni
na mimi, mwalimu wa fizikia,
nimevuliwa viatu, saa, na kiburi,
nimefungwa kanga ya mke wangu kifuani,
na ndani ya kanga, juu ya mbavu zangu,
gramu elfu moja na mia mbili.

Hana jina bado. Mwantumu kasema tungoje,
shangazi zake wa Pangani wamesema tungoje.
Karani kaandika: Mtoto wa Mwantumu, kitanda cha sita.

Juma lililopita niliwaeleza kidato cha tatu
habari za nyota ambazo hazijawa nyota.
Nilichora kwa chaki wingu, ndani yake doa.
Nikasema, huyu bado anaumbwa.
Kasembe, wa dawati la nyuma: "Mwalimu, ni hii, si huyu."
Darasa likacheka. Nikaendelea na huyu wangu.

Kazungukwa na sinia, nikasema,
sinia la gesi na vumbi, linazunguka,
naye katikati anakula.
Ila hali kwa kipimo.
Miaka mia anadonoa, amefifia, huwezi kumwona,
kisha sinia linatitia upande mmoja,
tonge zito kama sayari linamdondokea
na analipuka,
anang'aa mara mia ya jana yake.
Wanaokesha na darubini wanashtuka,
maana nyota zikifa nazo huwaka hivyo.
Kumbe ni shibe.
Nikaongeza, ili wacheke: na akishiba, hucheua,
mikondo miwili, juu na chini,
kwa kasi ambayo basi la Dar lingefika
kabla kondakta hajafunga mlango.

Sikujua nilichokuwa nasema.

Sasa najua mililita tatu za maziwa
zinavyoshuka kwenye mpira mwembamba kama uzi wa katani,
kila baada ya saa tatu.
Namjua Nesi Shemndolwa, avutavyo kilichobaki tumboni,
akipime, aseme bila kuniangalia:
"Kichanga kimegoma."
Kimegoma. Nilitaka kusema, amegoma.
Mwenye hofu hashindani na ngeli.

Siku nne amefifia,
rangi ya jivu lililofunika kaa.
Pumzi, halafu pengo,
nahesabu, moja, mbili, tisa,
nampapasa unyayo. Pumzi.
Umeme umekatika hadi Ngamiani
na dirishani naona Kilimia
juu ya Toten, kisiwa
ambacho Wajerumani walikiachia jina la wafu.
Nikageuza uso.

Karibu na alfajiri alikunja ngumi,
akaiva wekundu kuanzia kisogoni,
joto likanipiga kifua
kama mtu kafungua tanuri ya mikate,
akalia.
Sikujua sauti ile ilikuwa imekaa wapi
ndani ya kitu chenye uzito wa mifuko miwili ya chumvi.
Vitanda vyote vikaamka.
Mwantumu akaja mbio kutoka benchi la korido, kandambili moja.
Nikapiga ukelele: Nesi, anakufa!

Nesi Shemndolwa akaja, simu kaibana kwa meno, tochi inawaka,
akamtazama, akanitazama, akaitoa mdomoni.
"Hafi. Ana njaa huyu."

Huyu.

Alikunywa nane. Nane!
Kisha, pale kwenye kola ya shati langu,
akacheua.

Kesho anaweza kufifia tena, najua,
wala Nesi hakuniahidi kitu.
Kuna nyota huko, nyuma ya vumbi lake,
iliyolipuka kabla reli haijafika Tanga,
na nuru yake bado iko njiani,
hakuna aliyeipigia ukelele.

Shati sijalifua.
Jumatatu Kasembe akinisahihisha
nitamwonyesha doa.