Maji ya Juu

Alishuka kwenye feri ya Hilf na pikapu yenye kioo kilichopasuka,
mpira wa akiba umefungwa juu kwa kamba ya usumba,
akauliza: "Ndiye wewe mwenye migomba inayokufa?"
Ndiye mimi. Masira nzima ilikuwa inajua.

Tangu kimbunga, bahari iliponiingilia shambani
bila hodi,
majani yalianza kuungua pembeni.
Nikakopa, nikanunua pampu ya dizeli, kubwa, ya kuringia.
Kadiri nilivyovuta
ndivyo kisima kilivyonitapikia chumvi.
Mke wangu akarudi Sur kwa kaka zake,
akaniachia birika na mbuzi mmoja.

Shinuna binti Mhidini hakunipa pole.
Alivua viatu, akajifunga kibwebwe,
akanitia ncha ya kamba mkononi:
"Ukichoka, niambie kabla, si baada."
Akazama kisimani.
Nilisikia ulimi tu, unaonja, unatema,
pima kwa pima,
na mawe yakidondoka mahali nisipopaona.

Alipanda magoti yakivuja damu,
na chupa mbili za Vimto zimejaa maji.
"Onja."
Ya kwanza, maji.
Ya pili, bahari.
"Wanaishi nyumba moja," akasema,
"kama wake wenza wasiosemezana.
Mtamu juu, wa chumvi chini.
Wewe umemwamsha wa chini."

Akaizima dizeli.
Miaka miwili sikuwa nimemsikia mbuzi wangu akitafuna.

Tulichimba vishimo vitatu, vifupi, mbali na ufuko.
Ndoo moja kwa mgomba mmoja, kabla ya alfajiri.
Nikabisha: mimi, mtoto wa Wete, niliyevuka bahari
nipate maisha, nichote kwa ndoo kama bibi yangu?
"Bibi yako alikufa na deni?"
Nikachota.

Siku ya kuondoka akaipakia pampu.
"Si malipo," akasema. "Nakujua tu."

Migomba kumi na tisa ilikufa hata hivyo.
Ile chupa ya pili ipo dirishani,
siku za tamaa huilamba kidogo.
Deni lipo. Mke hajarudi,
ila jana kapiga simu, kauliza mgomba uliobaki ni upi,
mkono wa tembo au kisukari.

Kisukari, nikasema.
Akanyamaza, lakini hakukata.