Mshipa wa Kushoto

Kila miezi mitatu natoka Ibra alfajiri.
Nawaaga: nakwenda Maskati, sukari.
Sukari ni maradhi ya heshima.
Ukiyataja, unasogezewa kahawa chungu
na sahani ya halua inaondolewa kwa adabu.

Mwaka wa kwanza palikuwa na mpimaji wa Sur,
akasoma jina langu mpaka la babu, akanyanyua macho:
"Hamisa wa Ibra ni nani wako?"
Hamisa ni wifi yangu.
Nikasema simjui. Sindano ikakosa mara mbili.
Halafu akaja Sista Lissy na glovu zake,
jozi juu ya jozi.

Leo wameniketisha mbele ya mkono wa mashine,
mweupe, kimya, kama mgeni aliyewahi kufika.
Kijana Muatasim kasimama karibu na swichi,
ananiuliza kwa Kiarabu kama naogopa.
Naogopa. Si sindano.
Woga wa watu nimeuzoea, najua pa kuuweka.
Mkono huu hauogopi kitu.

Napandisha buibui. Taa inatambaa ngozini,
na kwenye kioo mishipa yangu inajitokeza,
ile waliyoiita mikaidi, ile iliyokuwa ikikimbia:
myeusi, myembamba,
kama mifereji ya falaji ukiitazama toka mlimani.
"Bismillahi," nanong'ona. "Taratibu, baba."
Haujibu. Unachoma mara moja tu.
Damu inapanda kichupani
na hakuna aliyerudi nyuma,
hakuna aliyeniuliza ukoo,
hakuna aliyenihurumia.

Hilo la mwisho likanishtua.
Kwani Sista Lissy, na glovu zake zote nne,
alikuwa akiniminya kiganja: "Bas, mama, bas,"
na joto lake likipenya.

Daktari anasoma: kirusi hakionekani. Mwaka wa sita.
Mshipa waonekana, kirusi hakionekani!
Nacheka. Hajui nacheka nini.

Mlangoni kuna kibao: umeridhika na huduma?
Uso wa kucheka, uso wa kununa,
na wa katikati, usio na habari.
Namuuliza Muatasim, Sista Lissy yuko wapi?
Amestaafu, karudi kwao Kerala.
Kidole changu kinabaki hewani.
Uso wa hilo hawakuuchora.

Magharibi, Hamisa anaona plasta mkononi.
"Sukari imeshuka?"
"Imeshuka, wifi yangu," nasema,
navuta sahani ya halua.
"Haionekani kabisa."