Kitanda cha Thelathini na Tatu

Saa moja asubuhi, Kakamega,
ukungu umeegemea madirisha ya wadi ya watoto,
mabati bado yanadondosha mvua ya jana.
Napokea zamu kutoka kwa Kageha.
Yeye anasoma, mimi natia alama:

cha nne, homa imeshuka, anaomba uji;
cha tisa, mamake amekwenda Shinyalu
kuuza kuku alipie eksirei;
cha kumi na saba...

Hamalizi.
Kimetandikwa shuka safi.
Chini yake pana ndala ndogo, moja imekatika kamba.

Sauti yake ni ile ile ya kila siku,
imepigwa pasi kama sare.

Wadi yetu ina vitanda thelathini na viwili.
Ameshatoka ndipo nageuza ukurasa,
nauona mwandiko wake unaolalia kushoto:

Kitanda cha 33. Mwanamke, miaka thelathini na sita.
Halali. Akifumba macho anahesabu matone ya dripu,
akifumbua anahesabu ya bomba la jikoni.
Chakula: anawapakulia wanawe, anaosha sahani.
Maumivu: hawezi kuonyesha mahali.
Jamaa: wanajua ana kazi nzuri.
Dawa: hajaandikiwa.

Penye saini, pa muuguzi anayepokea,
ameacha wazi.

Chuoni tulifundishwa: kisichoandikwa hakikutendeka.
Basi hili limetendeka.

Nami nakumbuka Aprili, sinki la pembeni,
alivyoosha mikono, akaosha, akaosha,
hadi nikamfungia bomba na kumwambia,
Jikaze, sista.
Jikaze!
Neno hilo lingefaa kufungiwa kabatini
pamoja na zile dawa za kuhesabiwa kwa funguo mbili.

Namkuta chumba cha kubadilishia nguo,
kiatu kimoja mguuni,
kingine mkononi, anakitazama
kama kitu alichookota njiani.
Sina methali. Sina Zaburi.
Nakaa sakafuni, koti langu jeupe na vumbi lake,
nalegeza kamba, naingiza mguu wake polepole
kama tunavyowavisha wao.

"Thelathini na tatu," namwambia. "Nimepokea."

Kimya kirefu. Nje mtu anaburuta ndoo.
Kisha ukutani, upande wa pili, mtoto analia,
na shingo zetu zote mbili zinageuka.

"Huyo ni wa nne," anasema, macho chini,
mkono wake umeshika bega langu, haubanduki.
"Uji wake usiwe wa moto."